BINTI MFALME ASIYE NA UPANGA



Siku ya posho moja, mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, tulikuwa tunafua nguo, na mabishano yakatokea kwenye bomba la maji. Ndugu mmoja wa mwaka wa pili alieleza wenzake ya kuwa ule mchezo wa video wenye kuitwa Zelda umeharibika. «Zamani ulikuwa mchezo wa wanaume,» alisema. «Mutu na upanga yake, anapiga, anapita. Sasa banatia binti. Na ule binti hajue kupiga. Kazi yake ni kupanga bitanda tu!» Watu walicheka mpaka sabuni ya mmoja ikaanguka ndani ya matope.

Mimi sikucheka. Mchezo huo niliucheza wakati wa likizo kubwa kwa mjomba wangu, na ni kweli, nilipanga vitanda mingi. Lakini vitanda hivyo vilinipitisha fasi yenye watu wa upanga walishindwa. Nilipojaribu kueleza, kengele ya chakula ililia. Wengine waliniomba niandike katika gazeti letu, nami nimekubali. Nitasema mchezo huo ni nini, ulitoka wapi, unachezwa namna gani, na mwisho nitasema ulinifanyia nini mimi mwenyewe, mazuri na mabaya.

1. ZELDA NI NANI?

Watu mingi wanawaza ya kuwa Zelda ni jina la yule kijana mwenye nguo za kijani na upanga. Hapana. Kijana anaitwa Link. Zelda ni binti wa mfalme wa Hyrule, inchi ya hadithi tu, hutaiona kwenye karte ya mwalimu wa jeografia. Jina lake lilichukuliwa kwa Zelda Fitzgerald, bibi wa mwandishi wa Marekani F. Scott Fitzgerald, kwa sababu watengenezaji walipenda namna linasikika.

Mchezo wa kwanza ulitoka Japani tarehe 21 ya mwezi wa pili 1986. Kampuni yenye kuutengeneza ni Nintendo, ya mji wa Kyoto. Kampuni hiyo ni ya zamani sana: ilianza mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata za kuchezea. Wakubwa wa kazi ya Zelda walikuwa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Miyamoto alikomalia Sonobe, karibu na Kyoto. Akiwa mtoto alipenda kutembea porini. Siku moja aliona tundu la pango, kiisha akaingia ndani na taa mkononi. Yeye mwenyewe ameeleza ya kuwa furaha na woga wa siku zile ndivyo alitaka kutia ndani ya mchezo: mtoto mdogo, inchi kubwa, na hakuna mtu wa kumwonyesha njia.

Tangu pale michezo ya Zelda haikukoma. Kulikuwa Ocarina of Time mwaka 1998, Breath of the Wild mwaka 2017, Tears of the Kingdom mwaka 2023, na mingine mingi katikati. Mashini zilibadilika, picha zilibadilika, lakini mara mingi hadithi ilibaki moja: binti mfalme anakamatwa ao anapotea, kijana anachukua upanga, anapigana, anamwokoa.

Kiisha, tarehe 26 ya mwezi wa tisa 2024, ukatoka ule wenye ulileta mabishano bombani. Unaitwa The Legend of Zelda: Echoes of Wisdom, na ulitengenezwa kwa ajili ya mashini ya Nintendo Switch. Ni mara ya kwanza, katika michezo mikubwa ya Zelda yenye Nintendo yenyewe ilitoa, Zelda anakuwa mwenye kufanya kazi. Jina lake lilikuwa juu ya mlango kwa miaka 38, lakini yeye alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba.

2. NAMNA MAMBO YANAANZA

Watengenezaji walifanya mzaha kidogo. Unapofungua mchezo, unashika Link, na upanga wake, na ngao, na upinde. Unajisemea: ni ule ule wa zamani. Unapigana na adui mkubwa Ganon, unamshinda. Zelda yuko pale, amefungwa ndani ya jiwe lenye kuangaza. Kumbe nyuma ya ushindi, ufa mweusi unafunguka chini na kumeza Link. Mbele ya kumezwa anapiga mshale mmoja. Jiwe linavunjika, Zelda anatoka. Tokea saa ile manete iko bado mkononi mwako, lakini wewe si Link tena.

Zelda anarudi mbio kwa baba yake. Hata kule ufa unafika. Mfalme, na waziri, na jemadari, wote wanamezwa, kiisha wanatokea wengine wenye sura yao. Sura ni ya baba yake, lakini si baba yake. Huyo mfalme wa uongo anatoa amri ya kuwa Zelda akamatwe, juu eti yeye ndiye analeta nyufa katika inchi. Wanamtupa boloko.

Hapa mimi nilinyamaza kidogo. Binti huyo hana kosa, hana silaha, na wenye kumhukumu wana sura ya watu wenye anapenda. Katika michezo mingine mtu angepewa upanga pale. Huyu anaona meza ya zamani tu, ndani ya chumba cha boloko.

3. FIMBO NA MIFANO

Kiumbe kidogo chenye mwanga kinakuja, jina lake Tri. Kinampa Zelda fimbo. Fimbo hiyo haipigi. Kazi yake ni hii: ukigusa kitu nayo, unakifahamu, na ukiisha kukifahamu unaweza kutoa mfano wake fasi yoyote. Kwa Kifaransa mfano huo unaitwa «écho», ni kusema ile sauti yako yenye kukurudilia ukiita kwenye mlima. Kitu cha kwanza kabisa chenye Zelda anafahamu ni ile meza. Anaweka meza, anapanda juu yake. Anaweka meza ya pili, anapanda tena. Ndivyo anaanza kutoka.

Nitaandika sheria za mchezo kwa kifupi:

a) Vitu vya kawaida, kama meza, kitanda, kasha, unavigusa na kuvifahamu pale pale. Lakini mnyama ao adui, lazima kwanza umshinde. Nyuma ya kumshinda unamgusa, na sasa mfano wake unatumika kwa ajili yako. Kuna buibui mwenye kushusha uzi: unapanda kwa uzi wake. Kuna mnyama mwenye kuchimba mchanga kama fuko: anakufungulia njia chini.

b) Mifano yote katika mchezo ni 127. Huwezi kuitoa yote kwa mara moja. Nyuma ya Tri kuna pembetatu, na kila mfano una bei yake ya pembetatu. Kitu chepesi bei ni ndogo, mnyama mkubwa bei ni kubwa. Ukipita hesabu, mfano wa kwanza unapotea ili mpya utokee. Basi lazima uhesabu mbele ya kuweka. Kwa kadiri unavyosaidia inchi, nguvu ya Tri inaongezeka.

c) Zelda anaweza pia kujifunga na kitu kwa mbali, kama kwa kamba yenye haionekani. Akitembea, kitu kinamfuata. Na akigeuza, yeye ndiye anafuata kitu: kikipanda, anapanda, kikivuka shimo, anavuka nacho.

d) Upanga upo, nisidanganye. Mapema katika safari Zelda anapata upanga wa Link, na kwa nguvu yake anaweza kupigana sawa naye. Lakini nguvu hiyo ina kipimo. Ikiisha, upanga unapotea, na unabaki na akili yako.

Na kitanda? Kitanda ni rafiki wa maskini. Kitanda cha zamani bei yake ni ndogo. Ukikilaza juu ya shimo, ni daraja. Ukivipandisha kimoja juu ya kingine, ni ngazi. Ukiumizwa, na mioyo yako (ndiyo kipimo cha uzima) imekwisha kupungua, unalala juu yake na uzima unarudi pole pole. Unaweza hata kulala na kuachia mifano yako ya wanyama ipigane.

Kazi yote ni kufunga nyufa. Unaingia ndani yake, na mule unakuta dunia yenye imesimama, vipande vya inchi vinaelea, na watu wenye walimezwa wamesimama kama mawe. Ukimaliza kazi mule ndani, ufa unafungwa na watu wanarudi. Unapita jangwa, mlima wa moto, mlima wa barafu, pori lenye maji. Unakuta hata watu wa maji wenye kuitwa Wazora, wamegawanyika mara mbili: wa mto na wa bahari. Maji ni yale yale, lakini wanagombana. Kwetu huku, karibu na ziwa, sihitaji kueleza zaidi.

4. USIKU WA MEZA

Sasa nirudi kwa mjomba. Mtoto wake mkubwa, Yaya wetu, anasomea Ubelgiji. Alikuja na mashini hiyo, ndogo kama kitabu cha nyimbo. Tulikuwa watoto sita, manete ilikuwa moja. Wavulana walisema wataanza wao, juu wanajua. Sisi wasichana tulibaki nyuma, tunatazama juu ya mabega yao.

Walifika kwenye boloko. Kutoka chumbani walitoka vizuri, lakini nje kuna askari wenye kutembea na taa. Askari akikuona, unarudishwa ndani na kuanza tena. Wavulana walitaka kupita mbio. Walirudishwa. Wakapita mbio zaidi. Walirudishwa tena. Nilihesabu mara nane. Mmoja alisema mashini ina kasoro.

Mimi nilikuwa natazama kabati refu kando ya ukuta. Nilisema: «Yaya, uweke meza pale, upande juu ya kabati. Askari anatazama mbele, hatazami juu.» Walinicheka. Lakini Yaya alichoka na kelele, akanipa manete. Nikaweka meza, nikapanda kwenye kabati, nikatembea juu pole pole. Askari alipita chini yangu na taa yake. Hakuna mtu alisema neno tena. Halafu mdogo wangu wa kike, mwenye hajafika hata darasa la tatu la msingi, akasema: «Kumbe njia iko juu!»

Tangu usiku ule tulicheza kwa zamu, na wenye walikuwa nyuma walikuwa na haki ya kusema wanaona nini. Tuligundua jambo moja: mtu mwenye hashiki manete anaona mambo mingi yenye mshikaji haoni.

5. WATU WENYE WALIUTENGENEZA

Kuna jambo lenye Nintendo yenyewe ilieleza, na lilinifurahisha kuliko mchezo wenyewe. Mwanzoni mchezo huu haukuwa hivi. Kampuni nyingine ya Japani, Grezzo, ilikuwa inautengeneza pamoja na Nintendo. Wazo la kwanza lilikuwa mchezaji achukue milango, mishumaa na vitu vingine, avinakili na kuvibandika, ili ajijengee mwenyewe jumba la chini lenye mitego. Walitumika kwa wazo hilo zaidi ya mwaka mmoja. Kiisha Eiji Aonuma, mkubwa wa kazi zote za Zelda, akatazama na kusema ya kuwa kunakili vitu kunafaa zaidi njiani, katika safari, kuliko kujenga majumba. Wajapani wana msemo juu ya mambo ya namna hiyo: kupindua meza ya chai. Kazi ya zaidi ya mwaka ikageuzwa upande mwingine.

Nyuma ya kugeuza, waliona shida ya pili. Link ana upanga na ngao. Adui akija, atampiga tu; mifano itatumika kwa nini? Basi nani anafaa kwa safari ya namna hii? Wakaona: ni Zelda. Mutazame vizuri, wandugu. Hawakumchagua kwa huruma, ao ili kupendeza wasichana. Kazi yenyewe ilimwita. Ilihitaji mtu wa kutazama, kukumbuka na kupanga.

Mmoja wa wenye kuongoza kazi hiyo alikuwa Bibi Tomomi Sano, wa Nintendo. Ni mwanamke wa kwanza kuongoza utengenezaji wa mchezo wa Zelda tangu 1986. Na watu wake walikubaliana sheria moja nzuri: mchezaji awe na ruhusa ya kuweka vitu namna anataka, fasi anataka, saa anataka. Mtu akipata njia ya ajabu yenye inafanana na udanganyifu, wasimfungie. Wamwachie, ni utundu wenye akili. Kwa hiyo katika mchezo huu swali moja lina majibu mingi. Watu wawili wanaweza kufika ng'ambo ya shimo moja, mmoja kwa vitanda, mwingine kwa uzi wa buibui, na wote wawili wamefaulu.

6. NI UCHAWI? NI DHAMBI?

Niliulizwa hivi na ndugu mmoja wa kikundi cha maombi, juu ya ile fimbo. Mimi nilimjibu namna ninavyoona, na aumonier wetu anaweza kunisahihisha. Hii ni hadithi. Jioni kwa nyanya zetu tulisikia Sungura akisema na Simba, hakuna mtu alituambia tuabudu Sungura. Tulifahamu maana: mwenye hana meno makubwa anashinda kwa akili. Hata katika Maandiko, Daudi alipopewa mavazi ya vita ya mfalme Sauli na upanga wake, alijaribu kutembea navyo, akavivua. Alichukua vitu vyenye alivijua: fimbo yake, kombeo, na mawe matano ya kijito.

Lakini hasara ipo, na nitaisema bila kuficha, juu ilinipata mimi. Hasara hiyo ni usiku.

Nilikuwa na mtihani wa mara ya pili wa jeometria mbele ya masomo kuanza. Nilienda kwa mjomba na daftari langu. Umeme wa mtaa ule unakuja na kwenda, na nilikuwa najidanganya ya kuwa giza litanilazimisha kupumzika. Lakini mashini hiyo ina betri yake ndani, inacheza hata gizani, hata chini ya blanketi. (Betri za litiamu za namna hiyo, mingi zina kobalti ndani, na kobalti mingi ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Basi mali ya udongo wetu ilikuwa mkononi mwangu, imerudi kutoka mbali, na ilikuwa inakula masomo yangu.) Unasema: nifunge ufa huu mmoja tu. Unaufunga, mwingine unafunguka. Siku tisa zilipita na daftari sikulifungua.

Siku ya kumi mjomba alikuja kwenye mlango, akasimama, akatazama picha muda kidogo. Hakukasirika. Aliuliza tu: «Mama, na jeometria?» Nilisikia haya kuliko kama angenipiga. Baba alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili juu ya mwaka wangu huu. Nilimrudishia Yaya manete, nikabaki na siku sita.

Katika siku zile sita nilifahamu kosa langu la mwaka mzima. Mimi nilikuwa natafuta upanga. Nilitaka kanuni moja yenye kupiga kila zoezi. Na jeometria haiko vile. Una vitu vichache vyenye umevigusa na kuvifahamu: pembe zilizo sawa, mistari sambamba, pembetatu zenye kufanana. Mbele ya zoezi unauliza: niko na nini, nianze kuweka nini, kiisha nipande juu yake niweke nini? Nilipata 11 juu ya 20. Nilipita. Sitasema ya kuwa mchezo ndio ulinipitisha, itakuwa uongo. Siku zile sita ndizo zilinipitisha, na zile tisa karibu ziniangushe. Lakini namna ya kutazama kabati mbele ya kukimbia, hiyo niliipata usiku wa meza.

7. SHAURI LANGU

Basi, mwenye atakutana na mchezo huu kwa ndugu ao jirani wakati wa likizo, asiukimbie. Aweke saa mbele yake, saa moja inatosha, na mtu mwingine ashike hiyo saa, asiwe yeye mwenyewe. Acheze na wengine, asicheze peke yake chini ya blanketi. Na mwenye kukaa nyuma apewe nafasi ya kusema.

Kwa yule ndugu wa bombani, sina ugomvi naye. Namwomba tu ajaribu ile boloko bila kutazama juu, kiisha aniandikie katika gazeti hili alirudishwa mara ngapi. Wa kwetu walirudishwa mara nane.

Mwanafunzi wa kike, mwaka wa tatu, Pedagojia